Emérence na Kopo Lililovimba

Emérence alifundisha kondansateri kwa miaka mingi kabla hajaishika hata moja mkononi. Kila mwaka, wasichana wa lise yake ya sekondari walipofika kwenye sura hiyo ya fizikia, alichora ubaoni vistari viwili vilivyosimama sambamba, vikitazamana bila kugusana, akawaambia kwamba umeme unajaa hapo, unangoja, halafu unatoka. Kisha alichora mstari mwingine, unaoruka juu kwa ghafula na kushuka polepole kama mtu anayekaa kitini akiwa amechoka. Wasichana walinakili. Yeye alipangusa chaki mikononi, na moyoni alijiona kama mtu anayesimulia habari za mji ambao hajawahi kukanyaga.

Umeme aliupenda tangu utoto. Alizaliwa Nyantende, karibu na Bukavu, na baba yake, Papa Ignace, alikuwa mfanyakazi kwenye bwawa la Ruzizi, kazi yake kuondoa majani na matope yaliyokwama kwenye vyuma vya mlango wa maji. Siku moja alimchukua binti yake akaone. Mtoto alisikia ardhi ikitetemeka chini ya nyayo zake, akauliza maji yanaingilia wapi na mwanga unatokea wapi. Papa Ignace alikuna kichwa, akamwambia hayo akawaulize masista wa shule. Aliwauliza kweli, na hakuacha kuuliza mpaka akatoka chuoni na diploma ya ualimu. Shuleni na kwenye karatasi za serikali aliitwa Citoyenne Nabintu, kama sheria ya Zaïre, iliyokataza majina ya Kikristo, ilivyotaka, lakini nyumbani alibaki Emérence, na hakuna aliyethubutu kumwita vingine mbele ya mama yake.

Mwaka wa themanini na nne ulikuja na habari ambayo familia nzima ilikuwa imekwisha kuikatia tamaa. Papa Ignace na Maman Constance waliishi pamoja tangu kabla ya Uhuru. Ng'ombe walitolewa, watoto walizaliwa, wajukuu walijaa uani, lakini kanisani hawakuwa wamefunga ndoa. Papa Ignace alisema kila mara, "Mwaka ujao." Basi siku ya Pasaka ile, watu wakiwa bado mezani, yeye mwenyewe alisimama akatangaza kwamba mwisho wa Agosti atamwoa mama yao mbele ya Padri. Maman Constance hakuinua macho kwenye sahani yake.

"Nitakubali," alisema, "lakini minataka gato ya etaji tatu. Kama ile Georgette anafanyiaka mabinti ya batu."

Georgette alikuwa kifungua mimba wa nyumba hiyo na dada mkubwa wa Emérence, na gato zake, keki za harusi zilizopandishwa ghorofa juu ya ghorofa, zilijulikana Bukavu nzima. Aliishi na mumewe katika mtaa wa Muhumba, kwenye nyumba ya zamani inayotazama ziwa. Katika chumba cha nyuma, dirishani, kulikuwa na klimatizeri, mashine ya kupoza hewa, sanduku kubwa la chuma walilolikuta humo walipohamia. Watu walimcheka. Bukavu ina baridi yake ya mlimani, ina upepo wa ziwa, nani anahitaji klima? Lakini wao hawakuwa wamesimama jikoni kwake mwisho wa kiangazi, jua la mchana likichoma mabati na fuo ya kuokea ikiwaka, wakaona krimu ya siagi ikiteremka ubavuni mwa gato kama mchuzi. Georgette alifunga mlango wa chumba kile, akawasha klima, na humo ndani maua yake ya krimu yalishikamana, kila jani mahali pake. Bila klima, etaji moja ingewezekana. Tatu, hapana.

Alhamisi ya wiki ya harusi, Emérence alifika mapema kumsaidia dada yake kupasua mayai. Kabla ya adhuhuri gato zote tatu zilikuwa zimekwisha kuiva na kupoa. Georgette alianza kupiga siagi na sukari, akamwambia mdogo wake awashe klima. Emérence aliwasha. Feni ilizunguka, upepo ukatoka. Wakaendelea na kazi, mpaka Georgette akasimama na mwiko hewani.

"Eme, weka mukono pale. Huo upepo iko baridi?"

Emérence aliweka mkono. Upepo ulikuwa vuguvugu kama pumzi ya mtu. Alisogeza sikio karibu. Ndani kabisa, nyuma ya feni, kitu kilinguruma kwa uzito, nguuu, balbu ya chumbani ikafifia kidogo, kisha kikasikika kishindo kidogo, tak, na kimya. Baada ya muda kile kitu kikanguruma tena, na tena kikakatika.

"Iko inataka kuanza, yaya," alimwambia dada yake. "Inataka, lakini haiweze."

"Mi sihitaji yenye kutaka. Nahitaji yenye kuleta baridi." Georgette alitazama bakuli lake, na sauti ikamshuka. "Kama ingekuwa gato ya mutu mwingine ningelia tu. Hii ni ya maman. Enda Kadutu, uniitie Papa Isidore, mutu wa mafrigo. Mi nitapeleka siagi kwa ziwa, niiweke mu maji."

Emérence alikwenda nusu akitembea, nusu akikimbia. Kutoka Muhumba mpaka Kadutu njia yote inapanda, na vijia vya Kadutu vinapanda kuliko njia. Alimkuta Isidore chini ya kibanda cha mabati karibu na soko, mwanaume mrefu mwenye mvi za kwanza, frigo zimesimama mbele yake milango wazi. Emérence hakuwa na pumzi ya kueleza, kwa hiyo alifanya lililomjia: aliigiza ule mlio. Nguuu, halafu tak.

Isidore hakucheka. Alitega sikio kama anayesikiliza redio. "Feni inazunguka?"

"Inazunguka vizuri."

"Na ikinguruma, balbu inapunguka mwangaza?"

"Kidogo."

Alikuwa tayari anajaza mfuko wake wa vyombo. "Ni kondansateri, Maman. Kondansateri ya kompreseri. Nikikuta haijavimba, nitakunywa mafuta ya frigo."

Lile neno lilimpiga Emérence kifuani. Alilitamka mara ngapi mbele ya ubao, na sasa linasemwa na mtu anayefunga mfuko wa bisibisi, kama vile anavyosema mwingine chumvi au sabuni. Njia nzima ya kuteremka alimuuliza maswali. Ikoje? Kubwa kiasi gani? Inakufa kwa nini? Isidore alijibu kwa furaha, akisimama kila mara katikati ya njia kuonyesha kwa mikono, maana wateja wake kwa kawaida waliuliza jambo moja tu: itakwisha lini.

"Joto njo inaiua," alisema. "Joto, na courant, umeme yenye kupanda na kushuka. Inavumilia, inavumilia, siku moja inachoka."

Walipofika Muhumba, Isidore alizima klima, akachomoa waya ukutani, akaukunja na kuuweka mbali mahali ambapo hakuna atakayeurudisha kwa bahati mbaya. Alifungua skrubu za sanduku, lakini kabla ya kugusa chochote ndani alimzuia Emérence kwa mkono.

"Hapa njo batu banaumiaka. Hii kitu inachunga umeme hata kama umechomoa. Unafikiri imelala, kumbe iko inakungojea."

Alitoa balbu ya kawaida iliyofungwa nyaya mbili zilizovikwa mpira, akashika sehemu ya mpira, akagusisha ncha zake kwenye vichwa viwili vya kondansateri. Balbu haikuonyesha kitu. "Yenye muzima ingewakisha kidogo, mara moja, kama kimulimuli. Hii haina kitu ndani. Lakini kugusisha ni lazima, kila siku, hata kama una hakika."

Ndipo akaivuta nje. Emérence alisogea mpaka nywele zake zikagusana na bega la Isidore. Lilikuwa kopo la chuma, refu kama chupa ndogo ya limonade, vumbi limelikaa, na kichwa chake kilikuwa kimevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Mafuta yalitoka kama jasho kwenye mshono. Isidore alilishika kwa kitambaa na kumwonya asiyaguse yale mafuta, si ya kuchezea. Ubavuni, chini ya vumbi, kulikuwa na maandishi: 25, halafu ile herufi ya Kigiriki na F. Na chini yake, 400 V.

"Mikrofaradi ishirini na tano," alisema Emérence taratibu.

"Wee unajua kuisoma?"

"Mi ninaifundishaka, Papa Isidore. Lakini hii ni ya kwanza kuiona."

Isidore alimtazama, akatabasamu kwa uso wote. "Basi ngoja nikuonyeshe kitu."

Alitoa kipimo chake cha mshale, kiboksi cheusi chenye kioo kilichopasuka pembeni. Alikigusisha kwenye kopo lililovimba. Mshale ulilala palepale, haukujali. Kisha akachimbua kutoka chini ya mfuko kondansateri nyingine, ndogo, mikrofaradi kumi, aliyoitoa kwenye pampu ya maji iliyokufa. Aliigusisha kwa balbu kwanza, halafu kwa kipimo. Mshale uliruka mpaka upande wa pili, kisha ukaanza kurudi, haraka mwanzoni, halafu polepole, halafu polepole zaidi, mpaka ukatulia.

Emérence alikiinamia kipimo. Ule ulikuwa mstari wake. Mstari aliouchora kwa chaki mwaka baada ya mwaka, sasa unatembea wenyewe mbele ya macho yake, ndani ya chumba cha gato.

"Rudilia," alisema.

Isidore aligeuza nyaya, mshale ukaruka tena na kurudi vilevile.

"Rudilia tena, tafazali."

Alikuwa anacheka, na macho yamemjaa machozi, na hakujua mikono yake aiweke wapi. Georgette, aliyerudi kutoka ziwani na bakuli lililofungwa kitambaa kilicholowa, alisimama mlangoni akiwatazama wote wawili.

"Munacheka nini? Siagi yangu iko inakufa."

"Yaya, kuja uone. Sasa najua juu ya nini haiweze kuanza." Emérence alimvuta mkono. "Unakumbuka tulikuwa tunatwanga majani ya sombe na maman mu kinu moja? Mukipiga wote pamoja, michi inagongana, na kazi haiendeke. Mmoja anapiga, mwingine anainua, mmoja anapiga, mwingine anainua. Ndani ya kompreseri kuko mota yenye nyaya mbili za kuisukuma. Umeme inafika kwa zote mbili wakati moja, zinasukuma pamoja, na mota haijue izunguke upande gani. Inatetemeka tu. Kondansateri njo inafanya moja itangulie. Inapiga hii, halafu ile. Hii, halafu ile. Hapo mota inazunguka."

"Nguuu ni ile ya kugongana," alisema Georgette.

"Njo hiyo."

Isidore aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Na ile tak ni mulinzi wake. Mota ikipata moto sana, anakata, ili isiungue. Mumushukuru. Mungeacha hivi siku mzima, leo tungekuwa tunazungumzia kompreseri, na hiyo sina."

Ikabaki kuipata nyingine, na hapo Isidore alikunja uso. Yenye namba hiyohiyo haikuwepo kwake. Kuagiza Bujumbura au Kinshasa, harusi ingepita. Labda sokoni Kadutu, kwa wauza vyuma na vipande vya mashini. Emérence alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Soko la Kadutu siku hiyo lilijaa hadi barabarani. Walipita wauza fretini, vile visamaki vikavu, na mafuta ya mawese, wakafika upande wa vyuma, ambapo akina mama na wanaume walitandaza magunia yenye mota zilizofunguliwa, balasti za taa, nyaya zilizokunjwa kama nyoka. Emérence aliinama kwenye kila gunia. Kwa mara ya kwanza alizijua zote zilivyo: vikopo vya chuma, vya plastiki, vya bati lenye kutu. Kwenye gunia la tatu aliiona moja nyeusi, nene, namba yake kubwa kuliko mia. Aliinua juu kama aliyeokota dhahabu ya Mwenga.

"Papa Isidore, hii iko na nguvu mara nne."

Isidore aliichukua, akaigeuza, akairudisha guniani kwa upole. "Hiyo ni ya kuanzishia tu. Inapewa umeme kwa kufumba na kufumbua, mota ikishika mbio inakatwa. Tukiiweka kwa klima yenu, itabaki mu umeme muda wote. Itapasuka kabla ya Georgette kumaliza ua moja."

Emérence alijifunza hilo pale pale, akiwa amechuchumaa katikati ya magunia, na hakuna kitabu alichokisoma kilichowahi kumwambia. Aliomba arudie, akarudia.

Mwanamke mmoja, Agathe, aliyekuwa akiuza vipande vya mashini ya kufulia iliyotoka kwenye nyumba ya wageni, aliwaita. Alikuwa na mota, ngoma na kikopo cha plastiki chenye namba kumi na sita na chini yake 450 V. Isidore aligusisha balbu, akasafisha vichwa vyake kwa kidole cha gumba, akaweka kipimo. Mshale uliruka na kurudi, safi kabisa. Agathe mwenyewe aliinama kutazama.

"Nzuri," Isidore alisema. "Lakini kumi na sita haifikie ishirini na tano. Kompreseri itaanza kwa tabu, halafu itapata moto."

Emérence alikuwa amefumba macho. Mkono wake wa kulia uliandika hewani, kama vile mbele yake kuna ubao.

"Ile yako ya kumi, ya pampu, inavumilia volti ngapi?"

"Mia ine."

"Basi tunaweka zote mbili. Zikisimama bega kwa bega, vichwa vimefungwa pamoja huku na vimefungwa pamoja huku, zinajumlika. Kumi na sita na kumi. Ishirini na sita."

Isidore alihesabu, si namba bali nafasi ndani ya lile sanduku, mahali pa kufunga, urefu wa nyaya. Kisha akapiga paja lake. "Ishirini na sita badala ya ishirini na tano, mota haitaona tofauti. Na volti zote mbili zinatosha, kupunguka tu njo mubaya. Maman, mi ningekaa hapa kutafuta ishirini na tano mpaka giza."

"Na mi ningenunua ile nyeusi," alisema Emérence, na wote watatu, pamoja na Agathe, wakacheka.

Walimlipa Agathe, wakarudi Muhumba karibu kwa kukimbia. Georgette alikuwa amelowa mpaka magotini, siagi yake salama bado. Isidore alimpa Emérence bisibisi na kumwachia kazi. Emérence alifunga waya wa kwanza, kisha wa pili. Aliunganisha kondansateri mbili bega kwa bega kama alivyosema sokoni, Isidore akashikilia tu na kukagua kila fundo. Ile ndogo ilikaa mahali pa zamani. Ya plastiki haikuenea, kwa hiyo Isidore aliifunga pembeni kwa ukanda wa mpira wa tairi ya ndani, mbali na bomba la moto, akavika vichwa vyake utepe mweusi mara nyingi ili visiguse chuma. Wakafunika sanduku. Waya ukarudi ukutani.

"Washa wewe," alisema Isidore.

Emérence alibonyeza. Feni ilizunguka. Kwa muda mfupi hakuna kingine. Halafu sanduku zima lilishtuka mara moja, kama mtu aliyeamshwa, na badala ya ngurumo ile nzito ukaja mlio laini, wa chini, usiokatika. Balbu haikufifia. Walisimama na mikono mbele ya upepo kama watu wanaoota moto. Vuguvugu. Vuguvugu bado. Halafu Georgette akasema kwa sauti ndogo, "Vidole vyangu," na Emérence naye akaisikia, baridi halisi, baridi ya asubuhi ya milimani Kabare, ikipita katikati ya vidole.

Georgette, kwa furaha, alizima ili aone kama itawaka tena, akawasha papo hapo. Nguuu. Tak.

Emérence aliizima haraka.

Isidore ndiye aliyeanza kucheka. "Yaya, mupe nafasi apumue. Gazi ndani bado iko inasukuma. Ukizima, ngoja gazi itulie, halafu washa. Kila klima iko hivyo, hata ile mupya."

Walingoja. Hakuna aliyekaa. Georgette aliposhindwa kuvumilia, Emérence alimshika mikono yote miwili. Walipowasha tena, kompreseri ilishtuka, ikashika mbio, na haikukatika mpaka jioni.

Georgette alifunga mlango, akakunja mikono ya nguo, akaanza. Emérence alibaki kumshikia mfuko wa krimu. Kesho yake mchana, jua likiwa kali juu ya mabati, etaji tatu zilisimama juu ya meza, nyeupe, zimezungukwa na maua ya rangi ya waridi ambayo kila moja lilikuwa na ukingo mwembamba kama karatasi. Kila mara Emérence alipopita karibu na dirisha, aliweka mkono kwenye sanduku la klima, akausikiliza ule mlio wa kupokezana, akarudi kazini akitabasamu peke yake.

Jumamosi alfajiri, kabla joto halijaamka, Honoré, mume wa Emérence aliyekuwa dereva wa shamba la chai, alileta pikapu ya shamba aliyoiazima. Kila etaji ilipakiwa peke yake ndani ya karatoni, na ile ya chini, nzito kuliko zote, Emérence aliiweka mapajani. Barabara ya Nyantende ni mashimo na kona. Honoré aliendesha kana kwamba amebeba mayai ya serikali, na kwenye kila shimo Emérence aliinua karatoni hewani kwa mikono yake, mpaka mabega yakamuuma. Georgette, nyuma, aliomba Bikira Maria kwa sauti mpaka walipofika uani kwa wazazi wao. Walifungua karatoni. Hakuna ua lililoanguka.

Kanisani, Maman Constance alivaa libaya mpya, blauzi ya kijani, na kitambaa cha kichwani kilichomfanya aonekane mrefu kuliko mumewe. Padri alipomwuliza Papa Ignace kama anamkubali mwanamke huyu, mzee alijibu kwa sauti kubwa kiasi kwamba watoto waliokuwa nje waliingia kuona kuna nini. Maman Constance naye alijibu ndiyo, halafu akaongeza, kwa sauti ndogo lakini kanisa lote lilisikia, "Alichelewa, lakini alikuja." Vigelegele vilizima kinanda.

Uani, gato ilipofunuliwa, watu waliinuka. Maman Constance alizunguka meza mara mbili. Alinyoosha kidole, akagusa ua moja la krimu, akaona haliinami.

"Georgette alifanya," alisema Emérence.

"Emérence na Papa Isidore banarudisha baridi," alisema Georgette. "Bila bao tungekula mandazi."

Isidore, ambaye alialikwa na akaja na shati jeupe lililopigwa pasi, alisimama kwa aibu, na Maman Constance akakata kipande cha kwanza cha etaji ya juu, akampa yeye kabla hajampa Padri. Cha pili alimpa binti yake. Papa Ignace alikuja kukaa karibu na Emérence, akila kwa uma kidogo kidogo, na akamwomba amweleze lile kopo. Alimweleza, kinu na michi miwili. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama na yeye anaweza kuuona huo mshale ukiruka. Isidore alikuwa na kipimo mfukoni mwa suruali, na kondansateri ya akiba mfuko wa pili. Basi katikati ya harusi, ngoma zikipigwa, bwana arusi, fundi na mwalimu wa fizikia waliinamisha vichwa pamoja juu ya kondansateri ya akiba, na kila mshale uliporuka Papa Ignace aliomba warudilie.

Kabla ya jioni shemeji mmoja aliyetoka Uvira alimjia Emérence na sahani mkononi. Kule kwao, alisema, chini ya mlima, klima si ya gato, ni ya kulala usingizi, na yake inanguruma na kukatika tangu Juni. Jirani yake naye hivyohivyo. Na dispansari ya mtaa ina moja ya namna hiyo.

Emérence alimtazama Isidore. Isidore alimtazama Honoré, kwa sababu pikapu ilikuwa yake kwa wiki nzima. Shule ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Inafanya namna gani?" Emérence alimuuliza shemeji, akiwa tayari ameweka sahani yake chini. "Niigizie."

Shemeji alitazama huku na huku, akaona aibu, kisha akajaza mashavu hewa na kuanza kunguruma.